Afadhali wakukatie mguu jikoni kwako

Mwaka 1869 daktari mmoja wa Edinburgh, James Young Simpson, alitoa hesabu ambayo mpaka leo nikiisoma mwili unanisisimka. Huyu mzee hakuwa mtu wa kubeza, ndiye aliyewaletea akina mama wa Uingereza klorofomu ili wapunguze mateso wakati wa kujifungua, jina alikuwa nalo na heshima alikuwa nayo. Alichofanya ni kuwaandikia barua madaktari wa vijijini, wale wanaowafuata wagonjwa nyumba kwa nyumba, akawauliza swali moja tu: umekata miguu na mikono mingapi, na wangapi walikufa? Majibu yakarudi, akajumlisha. Waliokatwa viungo majumbani kwao walikuwa 2,098, wakafa 226. Afu akachukua kumbukumbu za hospitali kubwa za mijini, watu 2,089, yaani karibu idadi ileile. Wakafa 855.

Soma tena taratibu. Kijijini, juu ya meza ya jikoni, kwa mwanga wa dirisha, anakufa mmoja katika kila tisa hivi. Mjini, kwenye jengo la mawe lenye maprofesa na wanafunzi na vyombo vya kisasa kabisa kwa wakati ule, wanakufa wanne katika kumi. Na kadiri hospitali ilivyokuwa kubwa ndivyo vifo vilivyozidi.

Walimjia juu bila shaka, na hoja walikuwa nazo. Hospitali za mjini zilipokea waliosagwa na mashine za viwandani na treni, kesi mbaya mbaya, halafu daktari wa kijijini ukimuuliza kwa barua habari za miaka kumi iliyopita atawakumbuka waliopona kwanza, waliokufa watakuja baadae kama watakuja. Sawa, nakubali. Ila punguza hapa, ongeza pale, pengo la namna hiyo halizibiki kwa kisingizio. Simpson mwenyewe alisema mtu anayelazwa kwenye meza ya upasuaji hospitalini yuko karibu na kifo kuliko askari wa Kiingereza aliyekuwa uwanjani Waterloo, kwenye ile vita kubwa na Napoleon, na Waterloo si mnajua palikuwaje.

Dawa aliyoipendekeza sasa ndio inachekesha kidogo. Alitaka yale majumba makubwa yaachwe, vijengwe vibanda vidogo vidogo vya chuma ambavyo kila baada ya muda unavibomoa unavijenga upya. Kwake yeye jengo lenyewe ndio limeoza. Hesabu kaipata, muuaji hakumpata, na wakati huohuo kulikuwa na mtu Glasgow anamtaja muuaji kwa jina na Simpson alikuwa anampiga vita! Tutafika huko.

Sasa ndani ya hizo wodi kulikuwa na nini hasa? Mimi nilianza kusoma haya mambo kwa sababu nitakayoisema mbele, na nilidhani nitakuta habari za umaskini, hakuna maji, hakuna dawa, hakuna wataalamu. Wapi. Nilikuta wasomi. Daktari wa upasuaji alikuwa na koti lake la kazi, mara nyingi koti kuukuu la kitambaa kizito, limetundikwa msumarini, limekakamaa kwa damu na usaha wa miaka, na halifuliwi, kwa sababu koti chafu lilionyesha kwamba mzee amefanya kazi. Nyuzi za hariri za kufungia mishipa ya damu alizining'iniza kwenye tundu la kifungo ili azivute haraka. Kisu alikifuta tu. Kidole alikiingiza kwenye kidonda cha huyu, akimaliza anakiingiza kwenye kidonda cha yule, afu anaenda kula. Asubuhi msaidizi anapita na beseni na sponji kuosha vidonda, kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, sponji ileile maji yaleyale, mpaka mwisho wa wodi. Mtu akikaa chini kwa makusudi kabisa apange namna ya kusambaza ugonjwa wa kidonda kwa watu thelathini hawezi kupata njia ya uhakika kuliko hiyo. Na harufu yake walikuwa wanaitania, eti ile harufu nzuri ya zamani ya upasuaji.

Usaha nao ulikuwa na madaraja. Ukitoka mzito, mweupe kama krimu, bila harufu kali, madaktari walifurahi, huo waliuita usaha wa kusifiwa, maana yake kidonda kiko njiani kupona. Ukitoka mwepesi, wa majimaji, unanuka, hapo walianza kukuangalia kwa macho mengine. Wala hawakuwa wajinga kwenye hili, walichokiona kilikuwa cha kweli. Yule mdudu anayetengeneza usaha mzito mara nyingi hubaki palepale pa kidonda, na yule wa majimaji ndiye anayekimbia kwenye nyama na damu. Walichokosea ni kuamini kwamba usaha ni hatua ya lazima, kwamba kidonda kisichotunga usaha hakijakamilisha kazi yake. Karne na karne watu waliamini hivyo, kuna waliosubiri usaha kwa hamu kabisa.

Magonjwa yenyewe yalikuwa kama manne, yanatembea pamoja. Kuna ngozi kuwaka nyekundu na kuvimba kuanzia ukingoni mwa jeraha ikipanda juu kila siku. Kuna sumu kuingia kwenye damu, mtu anawaka homa, anaweweseka, siku chache kaondoka. Kuna lile la usaha kusafiri kwenye damu, mgonjwa anatetemeka meno yanagongana, majipu yanatokea kwenye mapafu, kwenye maini, kwenye magoti. Na kuna donda ndugu la hospitali, hili ndio lilikuwa linatisha watu, jeraha dogo linageuka jeusi, nyama inakufa na kunyeyuka mpaka mfupa unaonekana, na likiingia wodini halitoki na mmoja. Hili la mwisho halionekani tena namna hiyo siku hizi, limepotea kabisa kwenye wodi za upasuaji. Kule Paris kwenye hospitali ya Hôtel-Dieu, daktari Jacques Tenon aliandika ripoti mwaka 1788 akaeleza vitanda vinavyolaliwa na watu wanne mpaka sita, kichwa huku miguu kule, mzima wa ugonjwa huu na mahututi wa ule. Hapo huhitaji maelezo.

Halafu ikaja nusu kaputi. Desemba 21, 1846, London, Robert Liston akakata mguu wa mgonjwa aliyelazwa kwa etha, mara ya kwanza kwa upasuaji mkubwa wa namna hiyo Uingereza. Kabla ya hapo sifa ya daktari ilikuwa kasi tu, kwa sababu mgonjwa yuko macho, anapiga kelele, wanaume wanne wamemshikilia, na Liston alikuwa anasifika kuondoa mguu kwa muda ambao wewe unafungua soda. Kuanzia siku ile daktari akapata muda. Na alipopata muda akaanza kuthubutu, akakata zaidi, akaingia ndani zaidi, akakaa na mikono yake ndani ya mtu muda mrefu zaidi, mikono ileile. Maumivu yaliondoka, kifo kikabaki palepale, na pengine kilipata nafasi zaidi. Sijui kwa nini kwenye hadithi za maendeleo ya udaktari hiki kipande huwa kinarukwa haraka haraka.

Haya, twende Vienna, maana bila Vienna hii habari haieleweki.

Hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza walifundishiwa wanafunzi wa udaktari, ya pili walifundishiwa wakunga. Wajawazito walipokelewa kwa zamu, leo huku kesho kule, kwa hiyo wodi gani utaangukia ni siku yako tu. Mwaka 1846 wodi ya madaktari ilipokea akina mama 4,010, wakafa 459. Wodi ya wakunga 3,754, wakafa 105. Ugonjwa ni homa ya uzazi, na kama unajiuliza uzazi unahusianaje na vidonda, kondo la nyuma likishabanduka ndani panabaki jeraha bichi kubwa tu, na mkono unaoingia kupima unaingia moja kwa moja kwenye jeraha.

Wanawake wa Vienna walijua. Hawakuwa na takwimu, walikuwa wengi maskini, wengine hawajaolewa, wamekuja hospitali kwa sababu ni bure, lakini walijua kabisa wodi ipi ya kufia. Walipiga magoti wakililia wasipelekwe ya kwanza. Wengine walijikaza wakajifungulia njiani, kwenye gari la farasi au nyuma ya geti, afu wakaingia na mtoto tayari yuko kwenye kanga, kwa lugha yetu, ili tu wasiguswe. Na hawa wa njiani, waliojifungulia kwenye vumbi, homa ya uzazi iliwapata kwa nadra. Daktari kijana kutoka Buda, Ignaz Semmelweis, aliliona hilo na likamnyima usingizi. Mtaani salama, wodini kifo, inakuwaje?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na msimamo mmoja, hospitali mtu anapelekwa kufa. Ukimwambia bibi twende wakuangalie mguu anakuuliza, nimekukosea nini mjukuu wangu? Sisi tulikuwa tunasema ni mambo ya kizamani. Kumbe London, Paris, Vienna, mabibi wa kule walisema hivyohivyo, kwa maneno yao, na walikuwa na kila sababu. Wazungu wenye uwezo wenyewe hawakukanyaga hospitali, daktari aliwafuata nyumbani, hospitali ilikuwa ya wasio na kitu.

Semmelweis alijaribu kila kitu. Msongamano? Wodi ya wakunga ndio ilikuwa imejaa zaidi, maana kila mtu anaikimbilia. Hofu? Kulikuwa na padri anapita wodi ya kwanza na kengele akienda kuwapa sakramenti wanaokufa, akasema labda kengele ndio inawaua kwa woga, akamwomba padri apite njia nyingine bila kengele. Vifo havikupungua. Kulalia mgongo badala ya ubavu? Akawageuza. Hamna kitu. Ndipo mwezi Machi 1847 rafiki yake, profesa Jakob Kolletschka, akachomwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wanapasua maiti, akaugua, akafa, na mwili wake ulipopasuliwa walikuta ndani ya Kolletschka mambo yaleyale wanayoyakuta ndani ya akina mama. Mwanaume, na kafa kwa homa ya uzazi! Hapo Semmelweis akaona picha nzima. Madaktari na wanafunzi asubuhi walikuwa mochwari wanapasua maiti, wakitoka hapo wanapanda wodini kuwapima wajawazito. Wakunga mochwari hawaendi.

Akaweka beseni la maji ya chokaa yenye klorini mlangoni, akaamuru kila mtu anawe humo mpaka mikono iache kunuka maiti. Aprili 1847 walikufa asilimia 18.3. Juni, asilimia 2.2. Mwezi mmoja uliopita nikamsimulia hii nesi mmoja ninayemfahamu, akaniuliza kitu kimoja tu, walinawa na maji ya bomba au ya kwenye beseni? Manesi bana.

Baadae mwaka huohuo kukatokea kitu kikampanua akili zaidi. Wakampima kwanza mama mmoja mwenye saratani ya kizazi inayotoa usaha, afu wakaendelea na wenzake kwenye msitari, mikono wamenawa kwa sabuni tu kati ya mmoja na mwingine. Kati ya wanawake kumi na mbili wakafa kumi na mmoja. Kwa hiyo sio maiti peke yake, hata aliye hai anatoa.

Ungetegemea wamshike mkono wampongeze. Haikuwa hivyo. Kwanza yeye mwenyewe alichelewa, kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka kumi na minne baadae, na ni kitabu kigumu kusomeka kimejaa ugomvi. Pili, alichokuwa anawaambia wenzake ni kwamba nyie ndio mmewaua. Sio hewa, sio mwezi, sio hofu za wanawake, ni wewe daktari, na vidole vyako. Mtu amezalisha miaka ishirini, amezika mamia, unamwambia hivyo anakubalije? Akaanza kuwaandikia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji, jambo ambalo lilikuwa na ukweli ndani yake lakini halikumsaidia mtu. Mwaka 1865 akili yake ikaanza kuyumba, wakamdanganya wakampeleka kituo cha wagonjwa wa akili nje ya Vienna, inasemekana alipigwa na walinzi alipotaka kutoka. Wiki mbili hazikuisha akafa, umri miaka 47, na kilichomuua ni kidonda kilichooza na sumu kuingia kwenye damu. Ilikuwa Agosti 13, 1865.

Jana yake, Agosti 12, Glasgow, wamemleta mtoto wa miaka kumi na moja anaitwa James Greenlees, gurudumu la mkokoteni limempanda mguuni.

Hapa niseme kilichonileta kwenye haya yote. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda, mguu chini ya goti ukavunjika na mfupa ukatoka nje. Nilimuuguza wodini na kazi ya muuguzaji usiku ni kukaa macho, kwa hiyo nikawa nasoma kwenye simu. Daktari alituambia wazi, mfupa kuvunjika sio tatizo, tatizo ni ile ngozi kupasuka. Jirani yetu wa kitanda alikuwa kavunjika vibaya kuliko mdogo wangu, vipande vipande, lakini ngozi nzima, kafungwa hogo lake karudi nyumbani. Sisi tukabaki tunaoshwa jeraha, sindano za mishipani, vyuma vimechomekwa pembeni ya mguu. Mdogo wangu anatembea sasa, anachechemea kidogo tu asubuhi, na bodaboda karudia, hasikii.

Basi maneno ya yule daktari ndio yaleyale aliyoyawaza Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Glasgow Royal Infirmary. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima unapona vizuri, haunuki, hauozi. Uleule ukitoboa ngozi, wagonjwa wengi wanaishia kukatwa mguu au kufa. Tofauti ni nini? Kuna kitu kinaingia. Wenzake wakasema ni hewa yenyewe, oksijeni inaozesha. Lister alikuwa amesikia kutoka kwa profesa wa kemia pale chuoni, Thomas Anderson, habari za Mfaransa Louis Pasteur na vijidudu vinavyochachusha na kuozesha, akafunga hesabu: sio hewa, ni vilivyomo ndani ya hewa, na hivyo vinaweza kuuliwa. Kwa dawa gani? Mji wa Carlisle walikuwa wanatia asidi ya kaboliki kwenye maji taka ili kuua harufu, na ikaonekana hata ng'ombe wanaolisha kwenye mashamba yale wamepona minyoo. Akaagiza. Ukitaka kujua harufu yake waulize wazee waliooga ile Lifebuoy nyekundu ya zamani, ndio hiyohiyo.

Akachovya kitambaa cha pamba kwenye asidi, akakifunika kwenye jeraha la James, akaweka vibao vya kushikilia mfupa. Siku nne akafungua. Hakuna harufu ya kuoza. Ngozi imebabuka kidogo kwa ukali wa dawa lakini usaha hakuna. Wiki sita baadae mfupa umeunga. Mwaka 1867 akachapisha kesi kumi na moja kwenye jarida la Lancet, na kwa walioelewa walichokuwa wanakisoma, dunia ilishabadilika.

Kuna habari moja ya hiyo hospitali ya Glasgow ambayo naipenda kuliko zote. Wodi za Lister za chini, nje ya ukuta tu, ardhini, kulikuwa kumezikwa wahanga wa kipindupindu cha 1849, majeneza yamepangwa karibu kabisa na usawa wa ardhi. Mtu anayeamini hewa mbaya angesema hapa ndio penyewe, hamisha wagonjwa, bomoa. Lister hakubomoa chochote. Jengo lilelile, makaburi yaleyale, wagonjwa walewale wa viwandani, na vifo vikashuka: miaka miwili aliyoihesabu kabla ya dawa, kati ya waliokatwa viungo 35 walikufa 16, miaka mitatu baada yake kati ya 40 wakafa 6. Hiyo ilikuwa ni jibu tosha kwa Simpson na vibanda vyake vya chuma. Idadi ni ndogo, najua, mtu wa takwimu atanuna. Lakini wagonjwa walioweka mguu pale hawakununa.

Isije ikaonekana mambo yalinyooka. Lister baadae akaja na mashine ya kupulizia kaboliki hewani wakati wa upasuaji, watu wanafanya kazi ndani ya ukungu unaowasha macho na kuunguza mikono, na mwaka 1890 akasema hadharani kwamba anaona haya kuwahi kuipendekeza, maana hewa haikuwa tatizo kubwa kumbe, tatizo ni mikono, vyombo na vitambaa. Wajerumani walimuelewa mapema, ndio walioenda hatua ya mbele kabisa, badala ya kuua vijidudu kwenye jeraha usiviingize kabisa, chemsha kila kitu, pitisha kwenye mvuke. Wamarekani walichelewa. Julai 2, 1881 rais wao James Garfield akapigwa risasi mgongoni, risasi haikugusa kiungo cha kumuua, ikatulia nyuma ya kongosho. Madaktari wakaanza kuitafuta kwa vidole visivyonawiwa, mmoja baada ya mwingine, hapohapo chini kwenye stesheni ya treni na wiki zilizofuata. Akaoza taratibu, akakonda, akafa Septemba 19. Aliyempiga, Charles Guiteau, alijitetea mahakamani kwamba yeye alipiga risasi tu, waliomuua ni madaktari. Walimnyonga. Nusu ya hoja yake ilikuwa sahihi lakini.

Na sasa mje huku kwetu, maana kuna jambo wengi hawalijui. Mwaka 1879, yaani miaka miwili kabla ya Garfield, kijana Mwingereza anayesomea udaktari, Robert Felkin, alikuwa Bunyoro, Uganda ya leo, sehemu inaitwa Kahura, akashuhudia mganga wa pale akimpasua mama mjamzito kumtoa mtoto. Mama kanyweshwa pombe ya ndizi mpaka kalegea. Mganga akanawa mikono yake kwa pombe ya ndizi, akaosha na tumbo la mama kwa pombe hiyohiyo, afu kwa maji. Akakata haraka, palipotoka damu akachoma kwa chuma cha moto. Mtoto akatoka. Kabla ya kufunga wakamgeuza mama ili majimaji yamwagike yasibaki tumboni, kisha wakaunganisha jeraha kwa vijiti vyembamba vya chuma vilivyong'arishwa, saba, wakavizungushia uzi wa magome, juu wakapaka dawa ya mizizi iliyotafunwa na kufunika na jani la ndizi. Siku ya kumi na moja jeraha limefunga, mama yuko sawa. Felkin akarudi, akasoma habari hii mbele ya madaktari wa Edinburgh mwaka 1884, wakati ambapo Ulaya mama wa kupasuliwa namna hiyo kwa kawaida anasubiriwa kuzikwa.

Sitaki kuifanya kubwa kuliko ilivyo. Ni kesi moja, imesimuliwa na mtu mmoja, hatujui wangapi walikufa siku ambazo Felkin hakuwepo, na pombe ya ndizi kilevi chake ni kidogo mno kuua vijidudu vingi, nadhani kilichosaidia zaidi ni kuosha kwenyewe, chuma cha moto na kuyatoa yale majimaji. Mizizi iliyotafunwa ndio kabisa nisingeitaka kwenye kidonda changu. Lakini ule utaratibu haukuzuka siku ile, mkono wa mganga ulijua unakwenda wapi, mtu hafanyi vile kwa kubahatisha. Alinawa KABLA. Wakati huohuo huko kwenye vyuo vikubwa kulikuwa bado na maprofesa wananawa baada.

Glovu nazo usidhani zilikuja kumkinga mgonjwa. Kule hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji William Halsted alikuwa na nesi wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, ngozi yake inababuka kwa ile dawa kali ya zebaki ya kunawia. Halsted akaagiza kampuni ya Goodyear wamtengenezee glovu nyembamba za mpira, kati ya 1889 na 1890. Mwaka 1890 wakaoana. Ilichukua miaka madaktari wengine hapohapo hospitalini kushtuka kwamba anayenufaika sana na glovu ni aliyelala mezani.

Basi mtu atasema hayo ni ya karne ile. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoa mwongozo wa kuzuia vidonda vya upasuaji kuingia vijidudu, na likasema kwamba Afrika mpaka asilimia 20 ya akina mama wanaojifungua kwa upasuaji jeraha lao linapata maambukizi. Mpaka mmoja katika watano. Mengi yaliyomo kwenye mwongozo ule ni ya bei rahisi: mgonjwa aoge kabla, asinyolewe kwa wembe, dawa ya kuzuia itolewe kabla ya kukata na isiendelezwe siku na siku baada ya hapo kwa kujipa moyo. Hilo la mwisho ndugu huwa hatulipendi, tunataka mgonjwa wetu aandikiwe vidonge mkoba mzima, tukinyimwa tunaona tumedharauliwa, na ndio tunavyowafundisha vijidudu ukaidi.

Na minong'ono ipo bado. Kaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito mtaa wowote utasikia, shoga usiende pale, mshono wa wifi yangu ulifumuka, nenda kule. Ukimuuliza mkubwa wa hospitali atakuonyesha kitabu na kitabu kinasema wote waliruhusiwa wakiwa salama, na hadanganyi, kwa sababu mama anaruhusiwa siku ya tatu, jeraha linaanza kutoa maji siku ya saba, na siku ya saba yuko kwa mama mkwe kijijini anasafishwa kidonda kwenye zahanati ambayo haijui hata alipasuliwa na nani. Wataalamu wa haya mambo wanasema mgonjwa wa upasuaji afuatiliwe siku 30. Simu kila mtu anayo. Simpson alifanya kwa barua na stempu.